Kwa Yule Anayejua

Brussels, 9 Februari 2025

Yaya Josias,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na vidole vyote kumi, maana Abigaël aliniambia kwamba ule msumeno mpya umekuonja. Mimi niko mzima. Baridi ya huku haijanimaliza, na kazi ya kulea wazee haijanimaliza, ingawa zote mbili zinajaribu. Nisalimie mkwe wangu, Mama Kasoki. Mwambie bado navaa kitenge alichonipa, ndani ya koti, ambapo hakuna anayekiona isipokuwa mimi na Mungu.

Utashangaa kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Simu ya nyumbani anaishika Abigaël, naye anasoma kila ujumbe kabla haujakufikia. Udaku huo ameurithi kwa mama yake, sikatai. Lakini jambo hili sitaki alisome kabla sisi wakubwa hatujaelewana. Kwa hiyo barua hii nampa Hamza, yule mfanyabiashara wa vanila, anayerudi Butembo kupitia Kampala wiki hii. Ameapa ataitia mkononi mwako wewe mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana nilipata kazi ya kudumu, na sasa nina nyumba ya vyumba viwili huku Woluwe-Saint-Lambert, karibu na hospitali kubwa. Wakili anasema naweza kumleta binti yangu Abigaël, lakini faili iingie kabla hajafikisha miaka kumi na minane, yaani kabla ya tarehe 14 Machi mwaka ujao. Wanataka saini ya baba yake. Kama baba hawezi kusaini, wanataka cheti cha kifo. Hakuna njia ya tatu. Nimeuliza mara tatu, mpaka wakili akavua miwani na kufumba macho.

Yaya, Florent ni mume wangu, lakini alikuwa mdogo wako kabla hajawa mume wangu. Miaka kumi na miezi minne imepita tangu siku ile ulipokuja ukihema ukaniambia, "Tangulia Kampala, Florent atakukuta huko." Nimemngoja Kampala mwaka mzima, nimemngoja Brussels miaka tisa. Sikuomba karatasi za mtoto mapema kwa sababu nilitaka tuwe watatu kwenye faili moja. Leo nakuomba uende mahakamani utangaze kwamba amekufa. Wewe ndiye Yaya, kaka mkubwa wa ukoo, na bila wewe hawatasikiliza mtu. Kuandika neno hilo kumenichukua siku nne, kwa hiyo usinifanye niliandike tena.

Shemeji yako anayekuheshimu hata akikutania,
Euphrasie


Butembo, 30 Machi 2025

Shemeji Euphrasie,

Barua imefika. Hamza aliileta mwenyewe, akakataa chai. Vidole ni tisa na nusu, ila ile nusu iliyokwenda haikuwa na kazi nyingi.

Mama ni mzima. Macho yamepungua, masikio yameongezeka. Kila alasiri bado anakuja karakanani na kikapu chake cha maharage, anakaa juu ya maranda ya mbao chini ya dirisha, anachambua huku akiwaombea watu wote kwa majina. Anaanza na Florent, sisi wengine tunafuata. Mji umejaa watu waliokimbia vita kutoka kusini. Kanisa letu linalaza familia kumi na moja, na mimi mwaka huu nimetengeneza vitanda vingi kuliko majeneza, jambo ambalo halijatokea muda mrefu. Mtu mmoja anataka kununua kiwanja cha karakana ajenge ghorofa. Amekuja mara nne na mara zote nimemkatalia.

Abigaël amekuwa wa tatu darasani. Anasema wa kwanza na wa pili waliibia. Mdomo huo si wa ukoo wetu.

Sasa juu ya lile jambo. Unajua desturi ya kwetu. Mtu ambaye hajazikwa hafanyiwi matanga, na asiyefanyiwa matanga hahesabiwi kuwa amekufa. Mama hataki kusikia. Mwaka jana mchungaji alimgusia habari ya ibada ya kumbukumbu, akamjibu, "Pasta, weye ulimuzika wapi?" Mchungaji akaaga akaenda zake. Nikienda mahakamani jina litasomwa, na habari itafika nyumbani kabla yangu. Ngoja kidogo. Vita ikitulia tutaona.

Nimekutengenezea kigoda. Hamza anasema hakiingii kwenye mzigo wake.

Josias


Brussels, 25 Mei 2025

Yaya Josias,

Kigoda nakitaka hata kama Hamza atakibeba kichwani mpaka uwanja wa ndege. Abigaël mwambie nimefurahi, na mwambie pia kwamba wa tatu ni wa tatu. Huku miti imechanua, Wabelgiji wamevua makoti wakakaa barazani kana kwamba jua limeletwa kwa ajili yao peke yao.

"Ngoja kidogo" yako nimeisoma. Mimi na neno hilo tunajuana sana. Nilianza kukujibu kwa hasira, nikaandika barua mbili nikazichana. Halafu likanipata jambo lililonifunga mdomo, na unajua hiyo si kazi ndogo.

Asubuhi tatu kwa wiki namtunza bibi mmoja aitwaye Mama Rasamma. Ni Mtamil kutoka kaskazini ya Sri Lanka, ana miaka sabini na minne, na alivunjika nyonga wakati wa barafu. Anaishi na binti yake, mwenye duka la vyakula karibu na Porte de Namur, kule tunakonunua majani ya sombe na mihogo. Mjukuu wake, Tharani, ndiye anayetutafsiria kwa Kifaransa. Bibi ameomba hifadhi ya ukimbizi mara mbili, akanyimwa mara mbili. Kisa ni mwanawe, Nesan. Siku vita ya kwao ilipoisha, mwaka 2009, askari walitangaza kwamba yeyote aliyewahi kushika bunduki, hata siku moja, ajitokeze aandikwe jina kisha arudi kwao. Mama Rasamma mwenyewe alimshika mkono mwanawe akampeleka. Alimwona akipanda basi, mchana, mbele ya watu. Namba ya basi anayo kichwani mpaka leo. Nesan hakuonekana tena.

Kwenye mahojiano wanamuuliza kama mwanawe yuko hai au amekufa. Anawajibu, "Si mimi niliyemchukua. Waulizeni waliomchukua." Kule kwao walimletea cheti cha kifo na fidia, akavirudisha vyote viwili. Wakili wake anamsihi akipokee kile cheti, maana kingesaidia faili yake. Hataki. Anasema akikipokea, waliomchukua hawatakuwa tena na swali la kujibu. Picha ya Nesan iko ukutani sebuleni, na bibi anaisalimu kila asubuhi kabla ya kumsalimu mtu yeyote.

Mwezi uliopita Tharani aliniambia kesho ni siku ya kuzaliwa ya mjomba wake. Nikasema moyoni nifanye jambo jema. Nikapita Porte de Namur, nikanunua shada la maua meupe, nikalivika kwenye ile picha, kama sisi tunavyopamba picha za maarusi na za maaskofu. Yaya, kwao shada kwenye picha lina maana moja tu. Picha ya aliye hai haivikwi maua. Ukiivika, umetangaza msiba.

Bibi alitoka chumbani akaona. Hakupiga kelele. Aliacha fimbo yake, akatembea hatua tano ambazo daktari alimkataza, akalivua lile shada, akafuta kioo kwa ncha ya sari yake, akasema na picha taratibu. Tharani alikataa kunitafsiria mpaka nilipomshika mkono. Bibi alikuwa anamwambia mwanawe, "Usimkasirikie. Huyu hajui." Siku hiyo hakula.

Alinisamehe siku ya tatu kwa kuniomba nimpikie sombe. Kisha, tarehe 18 Mei, akataka nimsukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka uwanjani wanapokutana Watamil wa hapa kukumbuka mwisho wa vita ile. Walikuwa mamia, na palikuwa kimya. Wanagawa uji wa mchele, maji na chumvi basi, kwa sababu watu waliofungiwa ufukoni siku zile za mwisho hawakuwa na kingine cha kula. Wanampa kila apitaye, hata polisi. Mzee aliyevaa suti anaunywa amesimama, na hakuna anayeuliza sukari. Nilipokea kikombe changu, nikaunywa nimesimama kama wao. Sisi Wakongo tumepoteza watu wasiohesabika, na sijawahi kuona tukisimama hivyo, bila spika, bila hotuba ya mkubwa, tukala kile walichokula wafu wetu. Nilijiona mdogo mbele ya watu wale. Mama Rasamma hakuunywa. Alisema uji ule ni wa waliofiwa, na yeye hajaambiwa kwamba amefiwa.

Basi sasa ninajua nilichokuomba. Nilikuomba umvike mdogo wako shada mbele ya mama yake. Ombi siwezi kulirudisha, maana Machi haisogei na Abigaël hapungui umri. Lakini naliomba nikiwa nimeinamisha kichwa. Tumaini la Mama, na lako, naliheshimu kuliko nilivyoliheshimu mwezi wa pili.

Euphrasie


Brussels, 20 Julai 2025

Yaya,

Mko wazima? Hamza amekwenda na kurudi bila barua yako. Anasema alikukuta ukipiga msasa, ukamwambia mikono ni michafu, huwezi kushika karatasi. Mikono michafu wiki tatu alizokaa huko.

Wakili ameanza kuandaa maelezo kwa ajili ya mahakama ya Butembo, ili wewe ukifika usisumbuke. Anahitaji ukurasa mmoja wenye saini yako: siku uliyomwona Florent mara ya mwisho, mahali, na alichosema. Mwaka 2016, walipokuwa wanaamua kama nipewe ukimbizi, niliwaeleza kwamba ulimwona hai tarehe 11 Oktoba 2014, akakutuma kwangu na yale maneno ya Kampala. Andika hivyo hivyo.

Na kuna ninayotaka kuyajua kwa ajili yangu mwenyewe. Alikuwa amevaa nini? Alikuwa amesimama au amekaa? Alinitaja kwa jina, au alisema "mke wangu"? Miaka yote hii sikukuuliza, kwa sababu nilidhani nitamuuliza mwenyewe.

Euphrasie


Butembo, 17 Agosti 2025

Euphrasie,

Mama ni mzima. Abigaël ni mzima. Barua hii uisome umekaa.

Ile karatasi siwezi kuisaini. Kwa mdomo nilikudanganya, na nimeendelea karibu miaka kumi na moja. Kwa kalamu siwezi.

Florent hakusema kitu. Sikumkuta hai.

Tarehe 11 Oktoba asubuhi nilimfuata shambani kwa sababu hakurudi nyumbani. Unakumbuka alikuwa mwandishi wa kamati ya wakulima, na ile ripoti yenye majina ya walioteka mashamba ya watu ni wewe uliyeipiga chapa. Nilimkuta kando ya mfereji. Alikuwa amevaa lile shati la bluu ulilolipunguza mikono. Katika maswali yako, hilo ndilo ninaloweza kulijibu.

Nilikuwa na chukudu yangu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa sababu nilikusudia kurudi na mbao za mikaratusi. Nilimlaza, nikapanga mbao juu yake, nikasukuma kilomita kumi na nne. Kwenye bariere ya barabarani wenye bunduki wakaniuliza, "Unabeba nini, fundi?" Nikasema mbao. Mmoja wao akanisaidia kusukuma mlimani, nami nikamwambia asante, na sauti yangu haikubadilika.

Kumzika mbele ya watu kungekuwa matanga, na wewe ungekuja. Ungekaa chini kama mjane, mlango wazi, kila mtu akiingia na kutoka, na waliomuua walikuwa wanakutafuta kwa jina. Nilikujua. Usingekubali kukimbia ukiacha maiti ya mumeo. Kumtangulia mtu aliye hai ungekubali. Basi nikamfanya awe hai. Ulianza kufunga mzigo papo hapo, mtoto ukamwachia Mama, ukaniuliza kama Florent ana koti la safari. Nikasema analo.

Nilimwosha. Sanduku nililitengeneza kwa mbao za mvule nilizoziweka kwa ajili ya mimbari mpya ya kanisa, na wazee wa kanisa mpaka leo wanadhani ziliibwa. Nilichimba ndani ya karakana, chini ya dirisha. Nilisali sala zote ninazozijua, nyingine mara mbili, kisha nikamwaga maranda juu.

Sasa unaelewa kwa nini siuzi kiwanja. Na unaelewa Mama anakaa wapi. Sikumwonyesha mimi pale. Alipachagua mwenyewe wiki ile ile, akisema pana mwanga mzuri wa kuchambulia. Miaka yote hiyo nasukuma randa huku nikimsikia akimwombea arudi salama, na yeye yuko chini yake. Kila siku nasema kesho nitamwambia. Mwanzo niliwaogopa waliofanya vile. Mmoja wao bado anakuja ibadani, anakalia benchi nililolitengeneza kwa mikono hii. Lakini nisikudanganye tena. Siku hizi simwogopi yule. Namwogopa Mama.

Umeniandikia kwamba unaheshimu tumaini langu. Sina tumaini, Euphrasie. Niliposoma habari ya bibi yule na shada nilishikwa na aibu ambayo sikujua kama bado ninayo. Yeye hana wa kumwambia mwanawe yuko wapi. Mama anaye, na kila alasiri wanakaa chumba kimoja.

Mahakamani nitakwenda, lakini si kabla Mama hajajua, na kumwambia nimeshindwa. Nafungua mdomo, inatoka habari ya maharage. Mtoto usimwambie.

Josias


Brussels, 5 Oktoba 2025

Yaya Josias,

Namshukuru Mungu kwamba mko wazima. Leo mzaha sina.

Nilikaa, kama ulivyosema, na sikusimama upesi. Kwanza nilikulaani, heri ulijue. Kuna mwanamume mwema kutoka Lubumbashi, anaitwa Ngoy, tunasali kanisa moja. Ameniuliza mara mbili, kwa heshima, na mara mbili nimemjibu kwamba mume wangu yuko njiani. Nilipiga hesabu ya usingizi uliopotea nikisikiliza nyayo kwenye ngazi za nyumba za watu, nikidhani ni yeye. Nilikulaani kwa Kiswahili, Kinande na Kifaransa.

Halafu hasira ikaisha, nikabaki nakuona wewe na ile chukudu mlimani. Nilipiga magoti jikoni, na sijui kama nilimpigia Mungu au nilikupigia wewe. Nimekutania miaka ishirini kwa ukimya wako, nikidhani ni ukimya wa mtu asiye na la kusema. Mimi ni mzima, nina kazi, nina funguo za nyumba, kwa sababu uliweza kutamka uongo mmoja bila kutetemeka, kisha ukaenda kuchimba peke yako. Sijui nimwite nani mtu wa namna hiyo. Nakuita Yaya, kama zamani, ila sasa nalisema taratibu.

Nilimlilia Florent nyumbani kwa watu. Nilikuwa namchana Mama Rasamma nywele, machozi yakamdondokea. Akageuka. Nikamweleza yote, Tharani akitafsiri, mpaka Tharani naye akashindwa tukamngoja. Bibi hakulia. Alianza kuuliza. Alimwosha kwa maji ya moto au ya baridi? Uso ulielekea wapi? Alimfunika na nini? Nilipomjibu kwamba sijui, alikasirika. "Mwulize," akasema. "Hivyo ndivyo vitu vya kuuliza."

Alichosema baadaye kinanisisimua mpaka leo. Alisema, "Miaka kumi na sita nimewauliza waliomchukua. Sijawahi kumuuliza aliyemwona. Lile basi lilikuwa na dereva. Kule lilikofika palikuwa na mpishi, na mfagiaji, na mtu wa kufungua mlango. Yuko mtu anayejua, naye ana mama yake, na hasemi. Mimi nilikuwa namchukia. Sikujua kwamba mtu kama huyo anaweza kuwa mwema."

Kesho yake alimwandikisha Tharani barua. Anataka isomwe kwenye redio za kwao na magazeti yao, popote watakapokubali. Lakini kwanza anataka uisome wewe. Anasema wewe ndiye mtu pekee wa namna hiyo anayemfahamu, kwa hiyo wewe ndiye utakayejua kama imeandikwa sawa, na kama mtu huyo akiisikia atafungua mdomo au ataufunga zaidi. Nimeigeuza kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza.

"Kwa yule anayejua. Jina lako silijui wala silitafuti. Mimi ni mama yake Nesan, aliyepanda basi mchana, mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto. Sisemi kwamba amekufa. Si kazi yangu kuwasemea waliomchukua, na hao nitawadai jibu mbele ya hakimu mpaka pumzi yangu ya mwisho. Wewe sikudai. Labda ulikuwa kijana ukaamriwa. Labda ulimpa maji. Labda ulinyamaza ili mtu mwingine aishi. Kama ni hivyo, tumembeba mwanangu wawili miaka yote hii bila kujuana. Umechoka, na mimi nimechoka. Unaogopa kwamba ukiniambia nitakufa. Sitakufa. Mahali nilipo sasa ni pabaya kuliko hapo unapoogopa kunipeleka. Niambie tu ni wapi, nikakae karibu naye."

Imeishia hapo. Yaya, wakili anasema cheti kikifika mwezi wa kwanza tutawahi. Nakukumbusha tu, sikusukumi. Na maneno yangu ya mwaka 2016 yasikutie wasiwasi, nilisema nilichoambiwa, na wakili ameshaandika hivyo. Mjibu bibi.

Mjane wa mdogo wako, na ni mara ya kwanza naandika hivyo,
Euphrasie


Butembo, 4 Novemba 2025

Euphrasie,

Mwambie bibi kwamba maji yalikuwa ya uvuguvugu, niliyapasha kwa moto wa maranda. Uso ulielekea dirishani. Nilimfunika na lile shuka jeupe ambalo Mama aliniwekea kwa ajili ya harusi yangu, ambayo, kama ujuavyo, haikuja.

Sisi ni wazima. Nyumba imejaa watu, wengine siwajui. Jana Jumatatu nilikwenda mahakamani, Mama akiwa amenishika mkono njia nzima, na mchungaji nyuma yetu. Karani alisema cheti kitatoka kabla ya Krismasi. Yule wa benchi la kanisani alituona tukitoka. Mama alimwangalia mpaka yeye ndiye aliyetazama pembeni. Abigaël anajua. Atakupigia simu leo au kesho, pokea, hata kama uko kazini.

Barua ya Mama Rasamma nilikaa nayo siku sita. Nilikuwa naisoma, naikunja, nasukuma randa, naifungua tena. Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na hakuna aliyewahi kusema nami hivyo. Mama ambaye sijamwona, wa dini nisiyoijua, maneno yake yamepita lugha tatu, na anajua ninachoogopa kuliko ninavyokijua mimi. Mwambie imeandikwa sawa. Asiongeze neno, asipunguze.

Sasa utataka kujua nilimwambiaje Mama. Ijumaa alasiri alikuja na kikapu chake, akakaa pale pale. Niliweka randa chini, nikafunga mlango. Nikamwambia kuna barua ya mama mmoja wa mbali, Euphrasie ameituma, nataka kumsomea.

"Soma," akasema. "Miye niko nasikia."

Nilisoma polepole. Mikono yake ilikuwa kwenye maharage, halafu ikaacha. Nilipomaliza akatazama mlango.

"Maskini huyu mama," akasema. "Na ule muntu mwenye anajua, atamujibu?"

Nikasema sijui.

"Lakini anaandikia nani? Jina yake hana?"

Nilipiga magoti kwenye maranda mbele yake, nikaondoa kikapu mapajani mwake, nikamshika mikono.

"Ananiandikia miye, Mama."

Josias